Kwa Ajili ya Udhaifu wa Baadhi: Habari ya Meza ya Bwana katika Afrika ya Kusini

Mara nyingi tumesoma habari za mila na desturi za watu wa nchi zetu: mahari, jando, matanga, na jinsi kila jambo la namna hii lilivyopata kuwa sheria kwa watu wake. Ni mara chache tumelitazama Kanisa lenyewe kwa jicho lile lile. Walakini Kanisa nalo lina desturi zake ambazo hazikuamriwa na Mitume. Nazo huzaliwa, hukua, hupewa majina ya heshima, na mwisho watu husahau kwamba ziliwahi kuzaliwa. Katika habari hii twataka kuifuata desturi moja tangu mwanzo wake hata siku ilipohukumiwa, nayo ni desturi ya Wakristo weupe wa Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi katika Afrika ya Kusini kutokula Chakula cha Bwana pamoja na Wakristo weusi. Ubaguzi wa rangi umeingia katika makanisa ya nchi nyingi, lakini huko uliandikwa katika daftari za sinodi, pamoja na miaka yake na maneno yake. Na mwalimu aliyezoea kuchunguza maneno aweza kuona jinsi neno moja dogo lilivyobeba mzigo mkubwa kwa zaidi ya miaka mia.

Waholanzi walipotia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, walikuja na Kanisa lao, na baada ya muda mfupi wakaleta watumwa kutoka Madagaska, Bara Hindi, visiwa vya Malai, na hata pwani ya Msumbiji. Swali la kwanza halikuwa la Meza, lilikuwa la maji: mtumwa akiisha kubatizwa, je, aweza kuuzwa tena? Wanatheolojia wa Uholanzi walikwisha kubishana juu ya ubatizo wa watoto wa watumwa katika Sinodi ya Dordrecht ya miaka 1618 na 1619, wasipatane. Hata mwaka 1770 ikatoka amri iliyokataza kumwuza mtumwa Mkristo. Amri ilikuwa njema, lakini tazameni matunda yake: wenye watumwa hawakuacha kuuza, waliacha kubatiza. Amri hiyo ilifutwa mwaka 1812, ila kwa wakati huo desturi ilikwisha kushika mizizi, na watumwa wengi walikuwa wamekwenda kwa Waislamu wa Cape Town, ambao waliwapanga katika safu zao za sala pasipo kuwauliza bei yao. Kwa wasomaji wetu wa pwani si jambo la kupita haraka kwamba Waislamu hao ndio walioandika Kiafrikaans mapema kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Kitabu kimoja cha mafundisho yao, kazi ya Abu Bakr Effendi, kilipigwa chapa mwaka 1877. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Kuna kisa kimoja cha zamani hizo ambacho hatuwezi kukiacha. Mwaka 1737 Georg Schmidt, Mjerumani wa ushirika wa Wamoravia, alifika katika bonde liitwalo sasa Genadendal, akakaa kati ya Wakhoikhoi akiwafundisha kusoma. Mwaka 1742 akabatiza watu watano. Wachungaji wa Kiholanzi wa Cape wakanung'unika mara moja: hakuwekewa mikono kwa kanuni, kwa hiyo ubatizo wake si ubatizo. Schmidt akasongwa hata akarudi kwao mwaka 1744. Ilipita karibu miaka hamsini kabla Wamoravia wengine watatu hawajaruhusiwa kuja, na walipofika mwaka 1792 wakamkuta bibi mzee, Vehettge Tikkuie, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Magdalena, angali hai, naye angali na Agano Jipya alilopewa na Schmidt, limefungwa katika ngozi ya kondoo. Nusu karne bila mchungaji, bila sakramenti, bila jengo. Na Kitabu kilikuwa kingali kikisomwa. Wale waliosema hakubatizwa hawakuacha jina lolote ambalo watu wa bonde hilo wanalikumbuka.

Hapa yafaa tusimame kidogo juu ya neno. Katika mashamba ya mbali ya Rasi, watu weupe walijiita Wakristo, nao hawakuwa na maana ya imani; walikuwa na maana ya ukoo. Mtu mweupe asiyeingia kanisani mwaka mzima alikuwa Mkristo, na Mkhoikhoi aliyejua Zaburi kwa moyo hakuwa. Wala tusiwacheke upesi, kwani hata kwetu pwani wazee waliwaita Wazungu Manasara, bila kuuliza kama husali. Tofauti ni hii, kwamba mzee wa pwani alikuwa akilitaja taifa la mgeni, bali yule mkulima wa Rasi alikuwa akijitwalia jina la Kristo kuwa mali ya nyumba yake. Jina likiisha kuwa mali ya ukoo, mtu mwingine akiliomba huonekana kama mwizi.

Basi ni ajabu, na ni jambo la kulipa Kanisa hilo haki yake, kwamba swali la Meza lilipofika mara ya kwanza mbele ya Sinodi, Sinodi ilijibu vema. Ilikuwa mwaka 1829. Katika ushirika wa Somerset West palikuwa na watu weupe waliochukizwa kushiriki pamoja na muumini wa asili ya mchanganyiko, na shauri likapelekwa juu. Sinodi ikasema kwamba jambo hilo halistahili hata kujadiliwa. Ni kanuni isiyotikisika, iliyojengwa juu ya Neno la Mungu, kwamba Chakula cha Bwana wapewe washiriki wote kwa pamoja, bila kutazama rangi wala asili. Yeyote asemaye kwamba watu wa zamani hawakujua neno lililo sawa, kwa hiyo wasilaumiwe, na asome uamuzi huo. Walijua. Waliandika.

Baada ya hayo mambo ya nchi yaligeuka. Tarehe 1 Desemba 1834 utumwa ulifutwa katika Koloni la Rasi, na baada ya miaka minne ya kutumika kama wanagenzi watumwa wakawa huru kabisa. Mtumwa ambaye jana alisimama nyuma ya kiti cha bwana wake, leo ana haki ya kukaa kwenye benchi lile lile. Wakulima wengi weupe walifunga magari yao ya ng'ombe wakaenda kaskazini, wala hawakuficha kwamba usawa huo ulikuwa sababu mojawapo ya kuhama kwao. Hao ndio Makaburu, jina ambalo katika Kiswahili lilitoka kuwa jina la kabila likawa tusi. Lakini tutaona hapo mbele kwamba walikuwapo Makaburu ambao tusi hilo haliwafai hata kidogo. Wahamaji hao walipoandika katiba ya jamhuri yao ya Transvaal mwaka 1858, walitia ndani yake kwamba watu hawatakubali usawa kati ya mweusi na mweupe, si katika Kanisa wala katika Serikali. Angalieni lililotangulia kutajwa.

Mwaka mmoja kabla ya katiba hiyo, Kanisa la Rasi lenyewe lilikwisha kufungua mlango. Habari ilianzia Stockenström, katika bonde la mto Kat. Ushirika wa huko ulikuwa wa Wakhoikhoi na watu wa damu mchanganyiko. Wazungu walikuja baadaye kukaa nchi hiyo, nao wakaomba wapewe Ushirika Mtakatifu peke yao. Hebu tulifikiri jambo hili kama lilivyokuwa. Wageni wameingia katika nyumba ya watu, wakaomba watengewe meza, na walioitwa kuwavumilia wageni ni wenye nyumba. Shauri lilipanda kutoka baraza hadi baraza, hata likafika katika Sinodi ya mwaka 1857.

Sinodi hiyo haikuwa ya watu wabaya. Aliyetoa hoja iliyokubaliwa ni Andrew Murray mzee, Mskoti, mchungaji wa Graaff-Reinet, baba wa yule Andrew Murray ambaye vitabu vyake juu ya sala vimesomwa na wachungaji wengi wa nchi zetu. Alitaka amani. Hoja yake ilianza kwa kusema kwamba yapendeza, tena ni kwa mujibu wa Maandiko, waumini waliotoka katika upagani wapokewe katika sharika zilizopo, kila mahali iwezekanapo. Kama ingaliishia hapo, ingalikuwa sawa na ile ya mwaka 1829. Lakini iliendelea: mahali ambapo jambo hilo, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, litazuia kazi ya Kristo kati ya wapagani, ushirika wa hao waliotoka katika upagani utafurahia haki zake za Kikristo katika jengo lingine.

Kila neno hapa lina kazi yake. Kwanza, wale wanaotengwa hawaitwi weusi. Waitwa waliotoka katika upagani. Mtoto aliyezaliwa na wazazi Wakristo, akabatizwa siku ya nane, akakariri Katekisimu ya Heidelberg, angali ametoka katika upagani, kwa kuwa babu ya babu yake alikuwa mpagani; bali mtoto wa Mholanzi, ambaye babu zake nao walikata kuni za matambiko katika misitu ya Ulaya, hakuitwa hivyo. Pili, Sinodi haikuamuru kutengana. Iliruhusu tu. Ruhusa haina haya kama amri, kwa sababu aitumiaye hudhani kwamba ameachiwa uhuru, na aitoaye hudhani kwamba hakufanya neno. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni udhaifu.

Msomaji wa Nyaraka alijua mara moja neno hili limetoka wapi. Paulo, akiwaandikia Warumi na Wakorintho, aliwataka walio na nguvu wawachukulie walio dhaifu, wasije wakawakwaza kwa chakula. Huyo dhaifu wa Paulo ni nani? Ni mtu ambaye dhamiri yake yaona hofu, ambaye akiigwa au akilazimishwa ataangamia. Mara nyingi ni mtu mdogo asiye na sauti katika ushirika. Katika bonde la Kat dhaifu alikuwa mwenye bunduki, mwenye shamba, mwenye kura nyingi na mwenye jamaa katika Sinodi. Walioambiwa wawe na nguvu ni watumwa wa juzi. Hivyo mzigo wa upendo, ambao Mtume aliuweka juu ya bega la mkubwa, ulihamishwa ukawekwa juu ya bega la mdogo, na maneno yakabaki yale yale. Wala hakuna aliyewaambia wale wanaoitwa dhaifu kwamba dhaifu hutazamiwa siku moja kupata nguvu. Mgonjwa aliandikiwa kitanda pasipo dawa. Kama ni Wakorintho waliotafutwa, palikuwa na sura nyingine ya waraka ule ule iliyofaa zaidi, pale Paulo anapowakaripia matajiri waliotangulia kula wakawaaibisha wasio na kitu. Lakini hiyo haikutajwa.

Udhaifu wa baadhi ukawa kanuni ya wote. Mahali fulani palianza kwa saa tofauti katika jengo moja. Kisha jengo dogo nyuma ya lile kubwa. Kisha jengo katika mtaa mwingine. Ushirika mmoja tu wa watu wa rangi ulikataa kutengwa na Kanisa mama, nao ni St. Stephen's wa Cape Town, uliokusanya watumwa walioachwa huru na kusali katika jengo lililokuwa hapo kwanza nyumba ya michezo ya kuigiza. Mwaka 1881, mjini Wellington, sharika nyingine za watu wa rangi zikafanywa Kanisa lao, Sendingkerk, yaani Kanisa la Misheni. Kwa Waafrika weusi yakafuata makanisa mengine, la kwanza katika Orange Free State mwaka 1910, na kwa Wahindi jingine mwaka 1968. Jamaa moja, imani moja, katekisimu moja, na milango minne.

Makanisa hayo yaliitwa mabinti, na lile la Wazungu likaitwa mama. Sisi Waafrika twalipenda neno mama, kwa hiyo yatupasa kuuliza huyu alikuwa mama wa namna gani. Kwetu mama hulea mtoto hata mtoto akaweza kumtunza mama. Huyu alishika mfuko: fedha za majengo na mishahara ya wamisionari zilitoka kwake kwa miaka mingi, na pamoja na fedha ilikuja sauti ya mwisho. Sendingkerk lilipewa sheria zake likiwa halina uwezo wa kuzibadili bila ridhaa ya mama. Mzungu aliyetumwa kwa mabinti aliitwa mmisionari, na yule wa Kanisa mama akaitwa mchungaji. Na mmisionari huyo mwenyewe, alipotaka kushiriki Meza kama muumini, alikuwa na nafasi yake katika Kanisa mama, ambamo watu aliowabatiza hawakuwa na nafasi. Hapa ndipo tuonapo kwamba ubaguzi hauhitaji mtu mkali. Mchungaji mpole, mwenye kuwapenda watu wake kwa kweli, aliweza kufanya kazi miaka arobaini ndani ya mpango huo asimtukane mtu hata mmoja, na mpango ukaendelea kufanya kazi yake bila yeye kuinua kidole.

Katika miaka ya baadaye walitafuta sababu za kitheolojia. Walizitaja habari za mnara wa Babeli, na hotuba ya Paulo huko Athene juu ya mipaka ya mataifa, na siku ya Pentekoste, ambapo kila mtu alisikia kwa lugha yake. Wakasema kwamba Mungu mwenyewe apenda kila taifa liwe na Kanisa lake. Taarifa ya Kanisa hilo ya mwaka 1974, iliyohusu rangi, taifa na mataifa, ilipanga hoja hizo kwa utaratibu. Toka ruhusa ya mwaka 1857 imekwisha kupita miaka 117, na udhaifu sasa umekuwa mpango wa Muumba.

Hoja ya lugha yatugusa sisi tunaoandika katika kurasa kama hizi, kwa kuwa tumetumia miaka yetu kutafuta kila mtu amsikie Mungu kwa lugha ya mama yake. Je, tumekuwa tukijenga kuta bila kujua? Lakini Sendingkerk lenyewe lajibu. Watu wake walisema Kiafrikaans tangu utotoni. Biblia yao ilikuwa Kiafrikaans, Zaburi zao zile zile, tuni zile zile, mahubiri yale yale. Hapakuwa na sentensi moja ambayo Wazungu wa jengo kubwa waliisema na hawa wa jengo dogo wasiielewe. Tena wazee wa hawa wa jengo dogo walikuwa na sehemu yao katika kuitengeneza lugha hiyo jikoni na mashambani. Ibada katika lugha ya mtu ni huduma; yeyote aijuaye lugha hiyo aweza kuingia. Penye lugha moja na milango miwili, kinacholinda mlango si lugha.

Tusidhani kwamba Waholanzi walikuwa peke yao. Mangena Mokone, mchungaji wa Kiwesley huko Pretoria, aliacha Kanisa lake mwaka 1892 akaandika sababu zake moja moja. Hakulalamikia itikadi. Alilalamikia kwamba mikutano ya wachungaji ilitenganishwa, weupe kwao na weusi kwao, lakini mwenyekiti na mwandishi wa mkutano wa weusi walikuwa Wazungu. Alianzisha Kanisa la Kiethiopia, na mwaka 1896 likaungana na Kanisa la Kimethodisti la Waafrika wa Marekani, ambalo mwanzo wake, mwishoni mwa karne ya 18, ulitokana na Richard Allen na wenzake kuondoka katika kanisa la St. George's, Philadelphia, baada ya watu weusi kuinuliwa kwa nguvu wangali wamepiga magoti wakisali. Kati ya Pretoria na Philadelphia kuna bahari nzima, na watu walitambuana kwa kovu.

Mwaka 1948 chama cha Kaburu kilishika serikali, na waziri mkuu wake, D. F. Malan, alikuwa mchungaji wa Kanisa hilo hilo kabla ya kuwa mwandishi wa gazeti. Sheria ya mwaka 1949 ya kukataza ndoa kati ya Wazungu na wengine haikulazimishwa juu ya Kanisa. Kanisa lilikuwa limeiomba. Mwaka 1957 serikali ilitaka waziri apewe uwezo wa kumzuia Mwafrika asihudhurie ibada katika kanisa la mtaa wa Wazungu. Geoffrey Clayton, Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Cape Town, mtu asiyependa kelele, alitia sahihi siku ya Jumatano ya Majivu barua ya kumwambia waziri mkuu kwamba hawataweza kuitii sheria hiyo wala kuwashauri watu wao waitii. Kesho yake akafa. Sheria ilipita, ikiwa imelegezwa kidogo.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 huko Sharpeville. Desemba ya mwaka huo makanisa yalikutana Cottesloe, Johannesburg, pamoja na Baraza la Makanisa la Ulimwengu, na wajumbe wa Kanisa la Kiholanzi kutoka Rasi na Transvaal wakakubali tamko kwamba mtu aaminiye hawezi kuzuiwa kanisani kwa ajili ya rangi yake, na kwamba Maandiko hayakatazi ndoa za mchanganyiko. Waziri mkuu Verwoerd akachukizwa. Mwaka uliofuata sinodi zikawakana wajumbe wao wenyewe, zikajitoa katika Baraza la Ulimwengu.

Mjumbe mmoja hakurudi nyuma. Beyers Naudé alikuwa Kaburu wa Makaburu: baba yake alikuwa mmoja wa walioanzisha Broederbond, chama cha siri cha wakubwa wa taifa hilo, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama, alikuwa mwenyekiti wa sinodi, mchungaji wa ushirika tajiri wa Johannesburg. Mwaka 1963 akaanzisha Taasisi ya Kikristo, akaambiwa achague kati ya hiyo na uchungaji wake. Mnamo Septemba akapanda mimbarani, akahubiri juu ya maneno ya Petro mbele ya baraza, kuhusu kumtii Mungu kuliko wanadamu, akawaambia watu wake kwamba anaondoka. Serikali ilimfungia kusema na kukutana na watu tangu 1977 hata 1984. Kwa wakati huo alikwisha kujiunga na ushirika wa Waafrika katika mtaa wa Alexandra, akapokea mkate pamoja nao.

Neno la kwanza la kuitoa habari hii katika daraja la siasa na kuiweka katika daraja la imani lilitoka karibu nasi. Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilikutana Dar es Salaam, ndipo walipomchagua Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ukatamka kwamba katika Afrika ya Kusini kuukataa ubaguzi ni jambo la ungamo. Yaani si hoja ambayo Wakristo waaminifu waweza kutofautiana, bali ni kama kumkiri Kristo au kumkana. Walutheri walisema hayo kwa ajili ya makanisa yao wenyewe, ambayo nayo yaligawanyika kwa rangi.

Miaka mitano baadaye makanisa ya Matengenezo yalikutana Ottawa, Kanada. Siku ya ibada ya ufunguzi, wajumbe kumi na mmoja kutoka Afrika ya Kusini, wengi wao watu wa makanisa mabinti, hawakwenda kwenye Meza ya Bwana. Walieleza kwamba nyumbani hawaruhusiwi kushiriki na ndugu zao weupe, nao hawakubali kufanya ugenini, mbele ya macho ya ulimwengu, kitu kilicho uongo kwao. Wako waliosema kwamba kitendo hicho kilikuwa cha kuikosea heshima sakramenti. Sisi twaona waliiheshimu kuliko wengi. Kwa miaka 125 mkate ulikuwa umekatwa kwa kutazama nyuso za walaji, na watu hawa ndio walioukataa mpaka utakapokuwa mkate mmoja. Mkutano ukatamka kwamba ubaguzi ni dhambi, na kuutetea kwa Maandiko ni uzushi. Ukalisimamisha ushirika wa makanisa mawili ya Wazungu, na Allan Boesak wa Sendingkerk akachaguliwa rais.

Oktoba ya mwaka ule ule, 1982, sinodi ya Sendingkerk ilikutana Belhar, nje ya Cape Town, mtaa uliotengwa kwa watu wa rangi kwa amri za serikali. Hapo likaandikwa ungamo la imani, likapitishwa mwaka 1986. Si refu. Lasema juu ya umoja wa Kanisa, kwamba ni kipawa na ni wajibu, nao hauna budi kuonekana. Juu ya upatanisho. Na juu ya haki, kwamba Mungu katika ulimwengu wa dhuluma husimama kwa namna ya pekee upande wa mnyonge na maskini. Watu waliokuwa wakiitwa waliotoka katika upagani ndio walioandika ungamo hilo katika ukoo wa Matengenezo wa Afrika ya Kusini.

Kanisa mama lilifungua ushirika wake kwa watu wa rangi zote mwaka 1986, na mwaka uliofuata maelfu ya washiriki wake walitoka wakaanzisha Kanisa la Wazungu peke yao. Novemba 1990, katika mkutano wa Rustenburg, profesa Willie Jonker aliungama dhambi ya ubaguzi kwa ajili yake na kwa ajili ya Kanisa lake, na Askofu Mkuu Desmond Tutu akasimama akasema kwamba ampokea. Wengine hawakuridhika kwamba msamaha ulitolewa upesi hivyo, na hatuthubutu kusema walikosa. Tarehe 14 Aprili 1994, siku kumi na tatu kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, Sendingkerk na Kanisa la Waafrika vikaungana kuwa Kanisa moja. Baadhi ya sharika za Waafrika katika Free State zilikataa, na shauri la mali zao likafika mahakamani. Kanisa mama halikuwamo katika muungano huo. Lililolizuia, zaidi ya mengine, lilikuwa Ungamo la Belhar, ambalo Kanisa jipya lililishika kuwa msingi wake. Mwaka 2011 sinodi kuu ya Kanisa mama ilikubali kutafuta njia ya kulitia ungamo hilo katika msingi wake wa imani. Lakini badiliko la namna hiyo lilihitaji kura za sinodi za majimbo na mabaraza ya wazee, na zilipohesabiwa hazikutosha.